Mshono wa Kisogoni

Tegeni masikio, na kila mmoja wenu akae apendavyo, aelekee mlangoni au aelekee dirishani, kwa maana nchi ninayotaka kuwasimulia haikumwachia mtu ruhusa hiyo. Nchi yenyewe iliitwa Kisogoni. Ilikuwa pana, yenye rutuba na neema tele, lakini wenyeji wake walikuwa na mila moja waliyoitukuza kuliko rutuba na neema: kila mtu alizaliwa, alikula, alilala na kuzikwa akielekea upande ule ule alioelekea jirani yake. Jimbo la magharibi liliitwa Matlaani, na watu wake wote walielekea macheo. Jimbo la mashariki liliitwa Machweoni, na watu wake wote walielekea kuchwa kwa jua. Nyumba zilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, vyote upande mmoja. Kugeuza shingo ilikuwa jinai, kugeuza kiwiliwili ilikuwa uhaini, na kulala kifudifudi kulihitaji kibali cha tabibu.

Basi katika safu zile ndefu mtu hakuona ila kisogo cha aliye mbele yake. Watoto waliwatambua mama zao kwa visogo, washairi walisifu visogo, na wachumba walipendana kwa visogo. Walijihesabu wastaarabu kupita mataifa yote ya dunia, wakihoji kwamba uso ndio chanzo cha fitina, kwa kuwa hapana ugomvi uliopata kuzuka baina ya watu wasiotazamana. Hoja hiyo ina uzuri wake, nami sibishi. Lakini hapana pia salamu iliyopata kunoga baina ya watu hao, na hilo wao hawakulisema.

Sheria iliyofuata mila hii ilikuwa kwamba mkono wa nyuma haupokei. Aliye mbele hakuweza kumpa kitu aliye nyuma bila kugeuka, na aliye nyuma akimtilia mwenzake kitu mkononi bila huyo kuona, mpokeaji alihesabiwa mwizi. Kwa hiyo mkungu wa ndizi uliweza kuozea nyumba ya tatu huku nyumba ya nne wamelala njaa, na nyumba zote mbili zikamshukuru Mungu kwa adabu waliyojaliwa. Hakuna kilichopita katika safu: si ndizi, si habari, si pole, si hongera.

Mahali pamoja tu palikuwa na mambo mengine. Pale ambapo watu wa Matlaani na watu wa Machweoni walielekeana, palikuwa na ukanda mwembamba, upana wake kama kibaraza, ulioshuka kutoka mlima wa Chimbuko kaskazini mpaka mji mkuu wa Kikomo kusini. Ukanda huo uliitwa Mshono. Watu wa Mshono, kwa kubanwa na macho ya majimbo mawili, hawakuwa na budi kukaa upande: huyu alimgeukia wa kaskazini kupokea, kisha akamgeukia wa kusini kutoa. Juu ya Chimbuko kulikuwa na moto usiozimika tangu enzi za mababu. Makaa yake yaliteremka Mshononi juu ya vigae, mkono kwa mkono, kila mtu akiyapuliza kidogo, akitia punje ya mkaa, akitia na utani, mpaka yakafika Kikomo yangali mekundu. Huko ndiko kila mtaa ulikomtuma mjumbe kuomba moto. Mjumbe alikwenda mbele na kurudi kinyumenyume, na kwa sababu hiyo kila nyumba ya Kisogoni ilikuwa na mtu mmoja mwenye kovu la kisigino.

Lakini ungemwuliza mtu yeyote mwenye cheo moto unatoka wapi, angekujibu, "Unatoka katika unyofu wa safu zetu." Loo! Mtu na macho yake, na kovu lake kisiginoni, alisema hivyo bila kupepesa.

Katika Matlaani aliishi kijana aliyeitwa Wima, Mkaguzi wa Shingo. Alikuwa mrefu na mnyofu kiasi cha watani kusema kwamba alimeza mchi utotoni. Kazi yake ilikuwa kupita safu kwa safu na timazi yake, uzi wenye jiwe nchani, akiwapima watu utosi hadi kisigino. Moyo wake ulikuwa mwema, ila sheria zilikuwa zimeujaa hata wema ukakosa pa kunyoosha miguu. Sehemu moja tu ya moyo huo haikujaa sheria, na hiyo ilikuwa ya Tabasamu, binti wa nyumba iliyo mbele ya nyumba yake.

Alimpenda miaka mingi, na uso wake hakupata kuuona. Alikijua kisogo chake kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Alijua siku alizosuka nywele za twende kilioni na siku alizojifunga kitambaa. Zaidi ya yote aliijua sauti yake, iliyopaa juu ya paa na kumrudia, na kicheko chake, ambacho kilimfanya asahau jiwe la timazi likamwangukia kidoleni.

"Bwana Mkaguzi," Tabasamu alimwambia asubuhi moja akipepeta mchele, "jana ulipita kumpima baba yangu. Amenyooka?"

"Amenyooka, Bi Tabasamu, ila bega la kushoto linataka kuasi."

"Hilo limeteguka akichota maji. Ukilifunga gerezani, lifunge pamoja naye, tupumzike na mikoromo."

Wima alicheka peke yake nyuma yake, na Tabasamu akasikia, akafurahi. Uchumba wao ulikuwa umekubaliwa na wazee, na arusi ilingoja mwezi wa mavuno uandame. Lilibaki sharti moja: ndoa katika Kisogoni haikuswihi mpaka kaa hai la Chimbuko liwashwe katika mafiga ya nyumba mpya. Mwezi wa mavuno ukipita bila kaa hilo, uchumba huvunjika, na bibi arusi huposwa na mwingine.

Sasa, nchi ile ilitawaliwa na Sultani Shingongumu. Kwa kuwa yeye alikuwa wa mbele kupita wote, alikaa barazani amewapa kisogo raia zake, akahukumu hivyo, akasikiliza hivyo, na hapana kiumbe aliyeujua uso wake. Waziri wake aliitwa Hewala, na jina hilo ndilo lililokuwa shauri lake kubwa katika kila jambo.

"Nasikia kelele za vicheko kutoka Mshononi," alisema Sultani siku moja. "Nchi yangu imenyooka pande mbili na katikati imepinda. Je, hilo ni jambo la heshima?"

"Hewala, Maulana, si jambo la heshima."

"Au pengine ni jambo la heshima?"

"Hewala, Maulana, heshima tupu."

Sultani akaona shauri lile halitoshi, akamtuma Mkaguzi wa Shingo.

Wima alikwenda Mshononi kwa uaminifu wote wa kazi yake. Alimkuta Bi Kunjufu, mama mkubwa wa watu wa pale, amekaa juu ya kigoda akipokea vigae kwa mkono wa kulia na kuvitoa kwa wa kushoto, mdomo wake haupumziki.

"Shikamoo, mama," alisema Wima.

"Marahaba, mwanangu! Masikini, umenyooka kweli kweli. Hulali na maumivu ya mgongo? Kaa hapa, pokea kigae hiki, nami nimpige kofi mwanangu huyu anayepuliza mate."

Wima alinyoosha mkono kupokea, akakumbuka cheo chake, akaurudisha. Alitoa timazi akawapima watu. Hakumpata hata mmoja aliyetulia muda wa jiwe kuacha kuning'inia huku na huku. Alirudi Kikomo na huzuni ya kweli, akasema, "Maulana, Mshono ni kidonda katika mwili wa nchi." Akaamini alichosema, na huo ndio ubaya wa watu wema wanapokosea.

Sultani akaamuru kidonda kiponywe. Katika hazina palikuwa na baragumu kubwa lililoitwa Hiari, na sifa yake ilikuwa kwamba kila alisikiaye hugeuka apende asipende. Hiari lilielekezwa upande wa Machweoni likapulizwa kwa nguvu, na Machweoni nzima, wazee kwa watoto, ikageuka kuelekea macheo. Watu wa Mshono wakanyooshwa na kutawanywa katika safu. Kisogoni yote ikawa kitu kimoja, kisogo baada ya kisogo, kutoka mpaka hadi mpaka. Ngoma zilipigwa. Wima alipewa timazi ya fedha, na wapiga vigelegele walipiga bila kujua wanampigia nani, maana hawakuweza kutazama.

Furaha ile haikukaa. Wajumbe wa moto walitoka kama desturi, wakaenda mbele, wakaenda mbele zaidi, wasiukute Mshono, wakafika baharini. Meko yalianza kuzimika mtaa kwa mtaa. Mvua za masika zikashuka, nguo zikakataa kukauka, mihogo ikaliwa mibichi, na watoto wakalala wamekumbatia paka. Huko Kikomo Sultani aliandaliwa uji wa baridi. Alimwuliza Hewala sababu, Hewala akasema shingo hazijanyooka vya kutosha. Wima akaamriwa azinyooshe zaidi. Akazinyoosha, na baridi ikazidi.

"Bwana Wima," aliita Tabasamu kutoka mbele, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha, "moto wa arusi yetu utatoka wapi?"

"Utatoka katika unyofu, Bi Tabasamu."

"Basi nipikie wali kwa unyofu, niule." Kisha akaongeza, "Mwezi wa mavuno umekwisha andama. Ukipita mtupu, wazee watanitoa kwa mtu mwingine. Si mimi nisemaye, ni sheria yako unayoitembezea timazi. Mimi nakutaka wewe, Wima. Nakwambia wazi ili usije ukasema hukusikia."

Hakuna adhabu iliyopata kumwuma Wima kama maneno hayo. Aliweka timazi chini, akatwaa kigae, akaondoka kwenda Chimbuko mwenyewe. Na kwa kuwa Chimbuko ilikuwa kaskazini na uso wake ulitakiwa uelekee mashariki, alikwenda kiubavu, hatua ya kushoto, hatua ya kushoto, katika tope lote la masika. Alifika, akatwaa kaa zuri jekundu, akaanza kurudi hatua ya kulia, hatua ya kulia. Halikufika hata mtaa wa kwanza. Akarudi kuchukua jingine, likafa mahali pale pale. La tatu lilipoanza kufifia alimwona mtu mbele yake, akamsihi, "Ndugu, nisaidie, pulizia, tia mkaa!" Yule mtu akamjibu kwa adabu kamili, "Ningependa sana, bwana, lakini umesimama nyuma yangu." Kaa likazimika mbele ya macho ya Wima.

Akaketi topeni akalia. Alilia kwa uchovu, kisha akalia kwa mapenzi, na mwisho akalia kwa kuona. Aliona kwamba kaa halisafiri kwa nguvu za mtu mmoja, hata angekuwa shujaa namna gani, bali kwa mtu kumgeukia mwenziwe. Palipokuwa na nyuso zinazoelekeana, hapo tu ndipo moto ulipopita. Kile alichokiita kidonda na kukiponya kwa mikono yake, kumbe ndicho kilichokuwa mshipa wa nchi.

"Ole wangu!" alisema. Kisha akafuta machozi kwa kiganja cha tope, akazidi kuchafuka, akacheka. "Mimi si Mkaguzi? Watu si husimama niwaambiavyo?"

Akasimama mguuni pa Chimbuko akaita kwa sauti ya cheo chake, "Ninyi wa upande wa mashariki wa mlima huu, geukeni mwelekee magharibi, na kila aliyegeuka amwarifu jirani yake! Ninyi wa magharibi, bakini mlivyo!" Hakuwa na baragumu, wala mstari wake haukupita ulipopita Mshono wa kale, aliuchora palipomfaa, katikati ya mitaa yenye baridi zaidi. Watu wakageuka. Safu mbili zikaonana uso kwa uso, na baina yao, bila mtu kuamriwa, baadhi wakaanza kukaa upande na kunyoosha mikono. Watu wa Mshono waliotawanywa wakatoka safuni mbio, Bi Kunjufu mbele yao na kigoda kichwani.

"Umechelewa, mwanangu!" alimwambia Wima. "Na uso wako una tope. Haya, leta kigae."

Kaa likaondoka. Likapita mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nyuma yake moshi ukaanza kupanda juu ya mapaa. Wima alikwenda mbele ya kaa akiwageuza watu shingo kwa shingo, akiimba. Alikuwa hajafika nusu ya njia askari wa Hewala walipomkamata na kumpeleka Kikomo kwa kosa la kuijeruhi nchi.

Baraza likajaa. Mbele kabisa alikaa Sultani na kisogo chake. Nyuma yake Hewala. Nyuma yake mshitakiwa. Na nyuma ya mshitakiwa umati wa raia, wote wameelekea macheo, wote wanatetemeka kwa baridi.

"Wima," alisema Sultani, "ulikuwa fahari ya dola. Nami si mkatili. Kiri mbele ya watu kwamba Mshono ni kidonda, usimame umenyooka hadi nitakapomaliza kunena, nami nitaihalalisha ndoa yako hata bila moto. Ukigeuka tena, utafukuzwa nchini, na mchumba wako ataposwa na mwingine. Je, hukumu hii si ya rehema?"

"Hewala, ni rehema kubwa," alisema Hewala, ingawa hakuulizwa.

Nyumba, arusi, kisogo alichokipenda, vyote viliwekwa mbele ya Wima kwa neno moja dogo la uongo, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu. Alifungua kinywa. Na hapo nyuma yake akasikia watu wakipisha, na pumzi za mtu aliyetoka mbio, na joto dogo likamgusa mgongoni.

"Wima," ilisema sauti ya Tabasamu, "watu uliowaacha njiani wamemalizia. Moto umefika. Mimi ndiye mtu wa mwisho, na mbele yangu upo wewe. Pokea."

Mkaguzi wa Shingo, mnyofu wa wanyofu, akageuka: shingo kwanza, kisha mabega, kisha miguu yote miwili.

Alimwona. Ewe msikilizaji, usinitake niusifu uso ule, kwani hata yeye hakuusifu. Alisimama tu mdomo wazi. Tabasamu alikuwa na majivu puani na jasho kwenye paji, na macho yake yalimtazama Wima kwa furaha na mshangao, kwa sababu naye alikuwa hajapata kumwona.

"Pokea basi, Bwana Wima," alisema, "utanitazama baadaye. Naungua!"

Wima akapokea kigae, akapuliza, akamgeukia Hewala. Joto lilimpanda Hewala kisogoni, meno yake yakaacha kugongana, na kabla hajauliza maoni ya mtu akajikuta amegeuka amepokea. Akasema kwa sauti ndogo, "Maulana, mimi naona tuwashe jiko." Hilo lilikuwa shauri lake la kwanza.

Sultani Shingongumu alikaa bila kujongea. Alikuwa amekunywa uji wa baridi tangu masika kuanza. Joto lilifika begani pake, harufu ya mkaa ikampita puani, na Hewala nyuma yake akapuliza. Shingo ile iliyotawala miaka mingi ikaanza kulia kama bawaba ya mlango wa zamani, ikazunguka, ikamaliza.

Watu wakaona uso wa Sultani wao: mzee mwenye mwanya, na vishimo viwili mashavuni. Sultani naye akaona baraza lililojaa hadi uwanjani, na macho yote yakimtazama.

"Lahaula!" alisema. "Kumbe mko wengi hivi!"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka Chimbuko, na aliyecheka zaidi alikuwa Sultani mwenyewe, akiwaamkia watu wa mbele mmoja mmoja kana kwamba amewasili kutoka safari ndefu. Jiko likawashwa, na hukumu ikatolewa mbele ya jiko. Safu za Kisogoni hazikuvunjwa, kwa maana nguo yote ikiwa mshono haimsitiri mtu. Lakini tangu siku ile palipo na baridi huchorwa mshono, na palipo na moto wa kutosha mshono huhamishwa, na Hiari, baragumu lile kali, sasa hupulizwa polepole na kwa mtaa mmoja tu, baada ya mtaa huo kuulizwa. Wima alihukumiwa kukaa Mshononi maisha yake yote, adhabu aliyoisikiliza akiwa ameshika mkono wa Tabasamu na hakusikia hata nusu yake.

Walioana kabla mwezi haujapita. Jioni ya kwanza nyumbani kwao Wima alikwenda kuketi nyuma ya mkewe, kama walivyoketi waume wote wa Kisogoni tangu dunia kuumbwa. Tabasamu akatandika jamvi mbele yake, akasema, "Njoo hapa." Akamwekea wali na mchuzi, akamtazama anavyotia tonge mdomoni.

"Mchuzi je?"

"Mtamu, Bi Tabasamu. Sijapata kuonja mfano wake."

"Mdomo ndio unaosema hivyo," alijibu Tabasamu, "lakini jicho moja limefumba, na pua imekunjamana. Chumvi imezidi?"

Wima, ambaye uso wake mwenyewe haukupata kumshitaki hata siku moja, aliona hana pa kukimbilia. "Imezidi," alikiri.

Tabasamu akacheka. Kicheko kile Wima alikuwa amekisikia miaka mingi juu ya paa, lakini hakujua kwamba akicheka hufumba macho yote mawili na kushika kifua kwa kiganja. Alimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akanyoosha mkono, akachovya tonge jingine katika mchuzi ule ule, akaonja tena makusudi.